Marubani wanatafutwa, wenye leseni wako mtaani: tatizo nini?

Mzabibu: Wakuu, Marekani mashirika madogo ya ndege yamelia miaka kibao kwamba hayapati marubani wapya. Huku kwetu kijana wa jirani yangu hapa Area D, Dodoma, ana leseni ya urubani ya kibiashara, saa 210 za kurusha ndege, anauza dukani kwa mama yake. Uwanja mpya wa ndege wa Msalato una njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Nani atarusha? Serikali iwakopeshe wanaosomea urubani kama wanavyokopeshwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mnasemaje?

Kizota Juu: Kukopesha hakusaidii. Uhaba ni wa saa za kuruka, si wa watu. Marekani rubani msaidizi wa shirika la ndege kwa kawaida sharti awe na saa 1,500 tangu 2013, sababu ya ile ajali ya ndege ya Buffalo, New York, ya 2009.

Mama Wawili: Ajali ambayo marubani wote wawili walikuwa na zaidi ya hizo 1,500. Malizia stori, kaka.

Kizota Juu: Sijasema hawakuwa nazo, dada. Soma taratibu. Halafu siku hizi ndege sehemu kubwa ya safari inajiendesha, rubani kakaa tu kama konda.

Mtu wa Njia: Kama konda? Nina miaka tisa mlangoni, Dodoma–Singida. Njoo ushushe abiria Bahi saa nne usiku, huyu anataka mzigo wake uliolaliwa na magunia, yule anasema kalipa na hajalipa, mtoto anatapika, dereva anapiga honi. Ukimaliza uje useme konda amekaa.

Mama Wawili: 😂😂 Hapo umepigwa Kizota.

Nkuhungu Moja: Konda wa Singida? Wewe ndiye wa "chenji utapata Manyoni"? Elfu tatu yangu hadi leo.

Mtu wa Njia: Tiketi yako iko wapi? Lete tuongee.

Mzabibu: Jamani mada ni urubani! Yule kijana ombi lake kila mahali linarudi na swali moja: una saa ngapi. Atazipata wapi bila kazi? Kukodi kandege ka viti vinne saa moja tu mama yake anafunga duka.

Kizota Juu: Ndiyo nilichosema mwanzo.

Mzabibu: Mwanzo ulisema kukopesha hakusaidii. Mkopo si ungelipa hizo saa?

Mtu wa Njia: Samahani, mwanangu yuko kidato cha pili, anachora ndege tu daftari zima. Masomo yake bei gani?

Mama Wawili: Uza basi, baba.

Mtu wa Njia: Basi si langu, dada. La tajiri.

Nkuhungu Moja: Anza na elfu tatu yangu.