Mtoto anatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, nimfungie chakula gani kisichochacha hadi mchana?

MamaWawili_Kimara:
Habari za jioni wapendwa, naomba ushauri wenu. Nina watoto wawili: wa kike yuko darasa la pili, mdogo wake ameanza chekechea mwaka huu, ana miaka minne. Basi la shule linawapitia saa 11:30 alfajiri. Mapumziko ni saa 4:00, chakula cha mchana saa 7:00, na shuleni hakuna friji wala pa kupashia. Vyote wanabeba toka nyumbani.

Kwa hiyo ninachokifunga alfajiri kinakaa kwenye begi saa saba na zaidi, kwa joto hili la Dar. Wali maharage unarudi kama ulivyokwenda, ukifungua kopo unapokelewa na harufu. Najua biskuti, krispi na juisi za boksi havichachi, lakini sitaki viwe ndiyo chakula chao. Nami natoka saa 12:00 kwenda kazini na sina dada wa kunisaidia, kwa hiyo nahitaji vitu vya kuandaa usiku, visivyo na gharama kubwa. Nyie mnawafungia nini?

Mpishi wa Tandika:
Pole dada. Mimi nilishaachana na vyakula vya mchuzi, wangu wanabeba vikavu tu. Viazi vitamu vya kuchemsha, hasa vile vya rangi ya chungwa, viazi lishe, vina vitamini A nyingi na vikipoa bado ni vitamu. Siku nyingine chapati iliyopakwa siagi ya karanga, au mkate wa kumimina. Pembeni ndizi mbivu na maganda yake, hiyo haihitaji hata kopo.

Cha kuzingatia: usifunge chapati ya moto. Mvuke unagonga mfuniko, unageuka maji, unadondokea chakula, chapati inalowa na ikishalowa ndipo inapoanza kuharibika. Itandaze ipoe kabisa ndiyo uifunge.

kaka_mkubwa:
Mpe hela anunue shuleni, mbona sisi tulikua hivyo hivyo.

MamaWawili_Kimara:
Kaka yangu, kinachouzwa pale ni barafu za rangi, pipi na mihogo ya kukaanga ya tangu asubuhi. Na wa miaka minne hajui hata kuhesabu chenji.

Nesi_wa_Zamu:
Mama, huo wali unaorudi na harufu shukuru haukuliwa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda sana wali. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha tena haiondoki. Mtoto anatapika, wewe unadhani ni malaria.

Bakteria wengi wa chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hiyo chakula kiwe cha moto kweli au cha baridi kweli, kisikae katikati.

Ukitaka wali au makande, nunua hotpoti ya chuma yenye kuta mbili. Alfajiri mimina humo maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, kisha tia chakula kikiwa kinatokota na kijae hadi juu, maana ikibaki nusu inapoa haraka. Ijaribu kwanza Jumamosi: funga alfajiri, fungua saa 7:00 mchana. Chakula kisipotoa moshi, hotpoti hiyo haikufai.

Kwa vya baridi, gandisha chupa ndogo ya maji usiku (usiijaze, maji yakiganda yanatanuka). Izungushie kitambaa, ilaze kwenye begi ikigusana na kopo. Yai la kuchemsha liende na ganda lake, likae ubavuni mwa chupa hiyo, na waambie lina saa yake: liliwe saa 4:00, lisingoje mchana.

Siku ya maharage weka chungwa. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo wape maji.

Na huyo mdogo asipewe karanga nzima kabla ya miaka mitano, zinakaba koo. Zilizosagwa sawa. Ukisaga mwenyewe, chambua kwa makini, toa zilizosinyaa na zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga.

Baba_Zawadi:
Nakazia suala la juisi. Soda ya kola ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, na juisi nyingi za boksi haziko mbali na hapo. Sisi tulibadilisha kuwa maji yenye vipande vya limau, wiki ya kwanza walilia, sasa wameshazoea.

Pia mwache binti achague usiku: leo viazi au chapati? Embe au papai? Wangu akichagua mwenyewe, kopo linarudi tupu.

MamaWawili_Kimara:
Mungu awabariki sana. Jumapili nitachemsha viazi na kuchambua karanga, chupa mbili naziweka friza leo leo. Swali moja: hotpoti ninunue mbili, na mdogo awe na yake?

Nesi_wa_Zamu:
Mpe dada mtu peke yake. Chakula cha moto kikipoa kidogo kinavuta mfuniko kwa ndani, hata mtu mzima anautolea jasho. Huyo mdogo mpe kopo la mfuniko laini, mkae naye afungue na kufunga mbele yako mpaka aweze, maana chekechea mwalimu mmoja ana watoto wengi na huyo wako atakaa na njaa huku chakula kiko mkononi.

Mpishi wa Tandika:
Na kopo usinunue bila kulijaribu. Litie maji palepale dukani, lifunge, lipindue. Likivuja, rudisha.