Natumia atorvastatini: ninunue probaiotiki za vidonge, ninywe mtindi, au niache vyote?

mama_ubuyu: Habari wakuu. Natumia atorvastatini miligramu 20 kwa ajili ya lehemu (kolesteroli). Tumbo linajaa gesi. Muuza duka la dawa kanionyesha kopo la probaiotiki, yaani bakteria hai wa kusaidia tumbo, bei si ya mchezo, eti linashusha na lehemu pia. Halitagombana na dawa yangu? Au nijinywee mtindi tu?

Kipepeo_wa_Moshi: Dada, ugomvi unaojulikana kati yao hakuna. Statini, kundi la dawa kama hiyo yako, inafanya kazi kwenye ini, inazuia lehemu isitengenezwe kwa wingi. Bakteria wa kopo wako utumboni, baadhi yao huvunja chumvi za nyongo, ini nalo linalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Ila si kila bakteria. Lactobacillus reuteri NCIMB 30242 ilipojaribiwa ilishusha LDL, ile lehemu mbaya, kama asilimia 9 hadi 12. Atorvastatini 20 peke yake hushusha karibu asilimia 40. Akikwambia uache kidonge cha hospitali, mkimbie.

mfamasia_mstaafu: Geuza kopo usome viambato vyote. Mengine yamechanganywa na mchele mwekundu uliochachushwa, na huo una monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe. Hapo umemeza statini mbili bila kujua. Misuli ikiuma bila sababu au mkojo ukawa mweusi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Halafu gesi yenyewe inaweza kuletwa na atorvastatini, na hata probaiotiki huongeza gesi siku za mwanzo!

Juma_wa_Kisauni: Mie niko kwa simvastatini, statini nyingine, na juzi nimeandikiwa dawa za H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Nimenunua probaiotiki zilinde tumbo. Sawa?

mfamasia_mstaafu: Ndugu Juma, probaiotiki hazina neno, ziachanishe tu na antibaiotiki kwa saa mbili hivi. Angalia kama kwenye hizo dawa kuna antibaiotiki iitwayo klarithromaisini. Hiyo haichanganywi kabisa na simvastatini: inazuia mwili usiivunje, inajaa kwenye damu na kuharibu misuli. Mpigie daktari leo kabla hujameza. Kwa kawaida simvastatini husimamishwa hadi dozi iishe.

Juma_wa_Kisauni: Ipo! Shukran sana mzee, napiga sasa hivi.

bibi_maziwa: Mtindi wa kugandisha nyumbani una bakteria hai. Wa dukani, soma: ukipashwa moto baada ya kuganda, wamekufa. Na ule wa vanila una sukari ya kutosha keki. Ila msiutegemee kwa lehemu, ni chakula tu. Mwenye kinga dhaifu, kama anayepata dawa za saratani, amuulize daktari kwanza.

Kipepeo_wa_Moshi: Wanaoogopa mtindi ndio haohao wanaokunywa juisi ya balungi kila asubuhi. Hilo ndilo linalopandisha atorvastatini na simvastatini kwenye damu.

mama_ubuyu: Asanteni. Nimerudi dukani kusoma kopo: limeandikwa "bakteria bora" basi, aina haitajwi. Nimeliacha. Mtindi nitagandisha, na gesi nitamweleza daktari kliniki ijayo.