Yak-1 inafuka moshi mweusi ikipita mita 4,000: miksha niiwekeje?

Rubani_AreaC:
Wakuu, habari za usiku. Nipo Dodoma, narusha Yak-1 (ndege ya kivita ya Kisovieti) ya series 69 kwenye gemu la kompyuta la IL-2 Great Battles. Usaidizi wa injini nimeuzima kwa sababu seva tunayoingia hairuhusu. Chini mambo safi. Nikivuka mita 4,000 mabomba ya moshi yanafuka weusi, spidi inashuka, na 109 (Bf 109 ya Wajerumani) inaniacha hivi hivi. Miksha (mkono wa kupima mafuta yanayochanganywa na hewa) iko 100% muda wote. Nikiipunguza, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) haitikisiki, kwa hiyo sijui nimefika wapi. Kuna jedwali la asilimia kwa kila urefu? Natanguliza shukrani.

Fundi_Chamwino:
Mkuu, kabla hujagusa miksha tazama supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa). Ya M-105PF, injini ya Yak hii, ina gia mbili, na unabadilisha mwenyewe karibu na mita 2,300. Ukibaki gia ya kwanza mpaka 4,000, presha ya manifoldi (ya hewa inayoingia kwenye silinda) inaporomoka, na hakuna miksha itakayoirudisha. Panda ukiwa na throto mwisho, mizunguko 2,700, macho kwenye geji: inatakiwa isome karibu milimita 1,050 za zebaki. Ikianza kushuka ukikaribia urefu huo, weka gia ya pili. Ukiwa na kasi kubwa, hewa inayojisukuma kwenye mdomo wa injini inakuongezea urefu kidogo, kwa hiyo sikiliza geji kuliko altimita. Ukishuka rudisha ya kwanza, maana ya pili huku chini inanyonya nguvu ya injini bure.

Hilo likikaa sawa ndipo tuje kwenye miksha.

Kongwa_Angani:
Naongezea kuhusu moshi. Huo ni mafuta yasiyoungua. Kabureta ya kawaida hupima mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikiwa nyepesi mafuta nayo hupungua, ila hayapungui kwa kiasi kile kile. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225, kwenye mita 3,000 ni 0.91 hivi, kwenye 6,000 imebaki 0.66. Petroli kilo moja inataka hewa kama kilo 14.7 iungue yote, na nguvu kubwa kabisa hupatikana ukiwa kwenye 12.5 hivi. Ukiacha mkono 100% huko juu unazidisha mafuta: injini inazama kwenye petroli, nguvu inakwenda, na tanki linaisha mapema.

RPM haitikisiki kwa sababu Yak ina gavana ya propela. Nguvu ikipungua, gavana inalaza mapanga ili mizunguko ibaki pale pale. Mbinu ya kupunguza mafuta mpaka RPM ifike kilele ni ya ndege ndogo zenye propela isiyobadilika pembe. Wanaorusha hizo kutoka uwanja wetu wa Dodoma wanaijua vizuri: uwanja uko zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, na jua la mchana wa Oktoba linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi ya hapo. Kwenye Yak, RPM haikwambii kitu. Tazama moshi na spidi.

Fundi_Chamwino:
Sasa jedwali. Mimi silipendi, kwa sababu ramani ya baridi na ya kiangazi hazina hewa moja. Jifunze kupima. Ingia misheni ya peke yako, nyoosha ndege kwenye mita 5,000, weka trimu (ndege ijishikilie sawa), throto na rejeta (milango ya kupozea injini) usiziguse tena (ukifungua rejeta katikati ya kipimo, inakamata upepo, spidi inashuka na utadhani ni miksha). Subiri spidi itulie. Punguza miksha 5%, subiri sekunde 15, soma spidi. Endelea hivyo. Moshi utakatika na spidi itapanda kidogo kidogo, halafu itagoma. Punguza tena mara moja: injini itaanza kumisi na ndege kutetemeka. Hapo ongeza kama 5% na uache.

Pa kuanzia: mpaka 3,000 acha 100%, 4,000 jaribu 90, 5,000 jaribu 85, 6,000 shuka kwenye 75 na urekebishe kwa macho.

Rubani_AreaC:
Shukrani sana wakuu. Na nikiwa nashuka kumfukuza mtu toka 6,000?

Kongwa_Angani:
Hapo ndipo wengi wanakufa. Miksha ya 75% ukishuka nayo mpaka 1,500, injini inapata hewa tele na mafuta kiduchu. Inakohoa wakati ule ule unapotaka nguvu. Rudisha 100% KABLA ya kuinamisha pua, halafu gia ya kwanza unapopita 2,300. Ukizidisha mafuta unapoteza nguvu kiasi. Ukiyapunguza kupita kiasi injini inazima. Ukiwa na shaka, elemea kwenye mengi.

Na usichanganye na injini kukatika ukisukuma fimbo mbele ghafla kwenye Spitfire za mwanzo. Huko ni boya la kabureta, mkono wa miksha hausaidii. Waingereza walilipunguza tatizo hilo mwaka 1941 kwa kipande kidogo chenye tundu alichobuni injinia Beatrice Shilling.

Nzuguni_Ping:
Hiyo 109 inayokuacha haina kazi hii, injini yake inapuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda na kujipimia yenyewe. Ukihamia ndege za Kimarekani, kabureta zao hufuata urefu zenyewe; mkono unachagua tu kati ya mafuta mengi na ya kubana, usiuendeshe kwa mazoea ya Yak. La-5 nayo, ndege nyingine ya Kisovieti, forsaji yake (nguvu ya ziada ya muda mfupi) inataka supachaja gia ya kwanza na miksha 100%.

Jambo la mwisho, washa maandishi ya asilimia kwenye skrini. Kama miksha umeifunga kwenye kitelezi cha joistiki ya zamani, angalia namba zisirukeruke zenyewe. Zikiruka, hamishia kwenye vitufe viwili vya kibodi.