Tinti ya dirisha: mchana nawaona, usiku wananiona. Nimlipe fundi aigeuze?

MamaCherehani (Kondele, Kisumu)
Habari zenu jamani. Nashona nguo hapa Kondele. Mwezi wa nne nilibandikiwa dirisha la mbele ile tinti inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mchana ni sinema ya bure. Watu wanasimama kunyoosha kola, na kuna mzee alichokoa mahindi kwenye meno hatua moja kutoka puani pangu, hana habari.

Shida ni usiku. Juzi saa mbili na nusu namalizia sare za kwaya, nimejifunga leso, sahani ya ugali na omena iko juu ya cherehani. Kijana wa boda akaita kutoka nje: "Mathe, hiyo omena itabaki?" Nilishtuka! Mimi nikitazama nje naona sura yangu tu, yeye anahesabu omena. Fundi anasema ilibandikwa upande mbaya, nimlipe tena aigeuze. Nimpe?

Otonglo
Usimpe hata bob.

FundiVioo_Nakuru
Kazi yangu ni hiyo, alumini na vioo, na huyo mwenzangu anatuharibia jina. Mama, hakuna upande mbaya. Hiyo karatasi ina utando wa chuma mwembamba mno, mara nyingi alumini. Mwanga ukifika hapo, sehemu inarudi, sehemu inapita, na kiasi kinachopita ni kilekile ukitoka nje au ukitoka ndani. Zipo zenye weusi upande wa ndani ili zisikung'aze wewe uliye dukani, lakini hata hizo hupitisha sawa pande zote.

Kinachoamua ni wapi pana mwanga zaidi. Mchana jua la Kisumu linapiga nje, kwa hiyo aliye nje anarudishiwa mwanga wake mwingi, na ule mchache unaotoka kwako unamezwa. Ukiwasha stima usiku, wewe ndiwe jua.

Mwalimu_Kakamega
Fundi amemaliza. Niongeze tu kwamba hata kioo kitupu hufanya hivyo kidogo: kila uso hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga ukikitazama moja kwa moja, kwa hiyo nyuso mbili ni karibu 8. Ndiyo maana usiku dirisha lolote la nyumbani linakuonyesha sura yako. Tinti imeongeza tu kile kinachorudi. Na mtu asiseme ni maajabu ya juzi, Emil Bloch alipewa hataza ya kioo cha namna hiyo Marekani mwaka 1903. Sisi tunaita vyote viwili "kioo", cha dirishani na cha kujitazamia, na hapa lugha haikukosea.

Kama ulibakiwa na kipande cha tinti, kibandike kwenye kioo cha fremu ya picha, kisha toboa sanduku la viatu ukiweke hapo. Ndani tia kikombe. Giza chumbani, tochi ikimulika uso wako: unajiona. Tochi ndani ya sanduku: kikombe kinatokea. Sasa washa mbili, uzisogeze polepole.

Nyar_Ahero
Na vile vioo vya lojing'i, vinavyoshukiwa kuwa na mtu anayechungulia nyuma? Niliambiwa uguse kwa ukucha, ukikosa nafasi kati ya ukucha na picha yake, kimbia.

FundiVioo_Nakuru
Ukucha unakwambia tu utando uko mbele au nyuma ya kioo, na wa aina hii unaweza kuwekwa upande wowote. Zima taa, bana tochi ya simu kwenye kioo, ziba kando kwa mkono, uchungulie. Kama kuna chumba nyuma utakiona.

MamaCherehani
Nimefanya ya sanduku na kijana wangu wa gredi ya saba. Tochi mbili zilipolingana, uso wake ulikalia kikombe, mpini umetokea sikioni. Amecheka mpaka akalia. Halafu bila kuambiwa akachukua taa za Krismasi, akazitia kati ya kioo cha chumbani na kile cha tinti, akazima stima. Ni safu ya taa zinaingia ndani ya ukuta kama barabara ya Busia usiku, kila safu hafifu kuliko iliyotangulia. Kwa nini zinafifia?

Mwalimu_Kakamega
Kila zikigonga kile cha tinti, sehemu inapita na kufika machoni mwako, na nyingine inapotelea kwenye utando. Zinazobaki kurudi ni chache, na zikirudi zinakatwa tena.

Otonglo
Na dirisha je?

MamaCherehani
Nimeweka balbu kali barazani inayomulika wapita njia, ndani nimebaki na taa ndogo ya sindano. Tena nimetundika pazia dirishani, la kitambaa kilichobaki cha kwaya, maana stima ya barazani ikizima nitarudi palepale. Lakini yule wa omena ameupenda ule mwanga. Sasa anaegesha boda hapo kila jioni, anachana nywele, anajiambia mambo ambayo siwezi kuandika hapa.