Mrejesho: maelezo ya homa ya ini B kwa Kiswahili

Assalaam alaykum. Niliuliza wapi nitapata maelezo ya Kiswahili kuhusu homa ya ini B, kwa ajili ya kaka yangu mwenye ugonjwa huo. Tupo Wete, Pemba. Ahsanteni sana mlionishauri nimwombe muuguzi azungumze na familia nzima. Imefaa kuliko karatasi yoyote. Alichora ini kwenye daftari la shule, akaeleza kuwa virusi hupita kwa damu, kujamiiana, na mama kwa mtoto anapojifungua, si kwa kula pamoja. Bi mkubwa, aliyekwisha kumtengea kaka sahani yake, siku ile ile akamwita wale sinia moja. Wembe na mswaki, kila mtu wake. Sisi wengine tumepimwa, hatuna. Tunachanjwa dozi 3 ndani ya miezi 6. Bado namsihi kaka aache miti shamba, maana mingine huumiza ini.