Mrejesho: mlango wa nyuma

Niliuliza namna ya kuimarisha mlango wa nyuma bila gharama kubwa, maana tunasafiri mara kwa mara. Asanteni sana.

Kitasa sijabadilisha. Aliyesema nikague skrubu alilenga penyewe: za lile bati la kwenye fremu, unapoingia ulimi wa kitasa, zilikuwa fupi kama ukucha. Teke moja tu, kwisha habari! Fundi ametoboa hadi ukutani, akafunga za sentimita 7.5, na za bawaba pia.

Kwa majirani, anayesafiri anamuaga mmoja anayemwamini, si kundi zima la simu. Huyo anawasha taa jioni na kuokota vipeperushi mlangoni. Kamera baadaye, mbwa wa jirani anabweka bila intaneti.