Hukumu ya Akayesu: ubakaji uliingiaje, na Jaji Navi Pillay alifanya nini hasa?

MwanafunziSheria: Wakuu, notsi nyingi zinasema Pillay "aliufanya ubakaji kuwa mauaji ya kimbari" pale ICTR Arusha, mahakama ya UN iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Mbona hati ya kwanza ya mashtaka ya Jean-Paul Akayesu haikuwa na ubakaji kabisa?

Kizimbani: Hakuamua peke yake. Jopo lilikuwa la watatu: Laïty Kama wa Senegal akiongoza, Lennart Aspegren wa Uswidi, na Pillay wa Afrika Kusini. Kesi ilianza Januari 1997 kwa makosa 12. Shahidi J, bila kuulizwa, akataja kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa. Baadaye shahidi H naye akaeleza aliyofanyiwa. Majaji wakadadisi badala ya kupita. Juni 1997 hati ikarekebishwa, yakaongezwa makosa 3, la 13 likiwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Wakili_Mkongwe: Hapo ndipo wengi huteleza. Ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu ulikuwa tayari kwenye ibara ya 3 ya Sheria ya ICTR. Kipya ni kuuhesabu kuwa kitendo cha kimbari, na kwa hilo lazima ithibitike nia mahsusi ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Bila nia hiyo, ubakaji uwe wa kutisha namna gani, kimbari hakuna. Wala Akayesu hakuhukumiwa kwa kubaka kwa mikono yake: alikuwa mkuu wa komuni (eneo la utawala wa mtaa) ya Taba, Rwanda, akaruhusu na kuchochea unyama huo kwenye ofisi ya komuni.

MwanafunziSheria: Na yale makosa ya kivita aliyoshtakiwa pia?

Wakili_Mkongwe: Hakutiwa hatiani kwa hayo, kwa hoja kwamba haikuthibitika alikuwa na uhusiano unaotakiwa na jeshi au serikali vitani. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya ICTR ilikikataa kigezo hicho, ila matokeo yakabaki vilevile. Kifungo cha maisha nacho kikabaki.

Kizimbani: Kuhusu kazi ya Pillay: 1967 alikuwa mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufungua ofisi ya uwakili Natal, jimbo la Afrika Kusini, na 1973 alishinda kesi iliyowapa wafungwa wa kisiasa wa Robben Island haki ya kuonana na mawakili. Rais wa ICTR 1999 hadi 2003, kisha jaji wa ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai), kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa UN 2008 hadi 2014. Kwenye insha yako nukuu hukumu ya 2 Septemba 1998 yenyewe: aya ya 598 ina tafsiri ya ubakaji, ya 731 inauunganisha na kimbari.